Jani Lililoachwa Wazi

Hosiyat aliliona jani kabla hata hajavua koti, na hasira iliyomshika pale mlangoni haikumwachia siku ile nzima.

Suzani yake, kitambaa kikubwa cha ukutani kilichoshonwa maua kwa mkono, ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa maonyesho, palepale ilipokuwa jana. Maua kumi na mawili mekundu, na majani yakizunguka kila ua kama maji yanavyozunguka jiwe. Kazi ya miezi kumi na minne. Lakini kule chini, pembe ya kushoto, palipokuwa na jani moja la mchoro wa wino mtupu, leo palikuwa na jani la kijani. Limejaa, limenona, limefungwa. Mtu ameliziba.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. Mkono wake aliujua kama mtu anavyoijua sauti yake, na huu haukuwa wake. Yeye hushona kwa sindano, uzi ukalala bapa. Huu ulikuwa mnyororo mdogo mdogo, wa kuvutwa kwa kulabu, kama washonavyo Wakazaki. Tena ulikuwa umeshonwa vizuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Uzi wenyewe ulikuwa wake. Kijani kile alikipika yeye kwenye sufuria yake, nyuma ya nyumba yake. Mtu alikuwa amefungua mfuko wake akautoa.

Kwao Shahrisabz, mji wa Wauzbeki, hakuna mwanamke anayemaliza suzani. Unashona ua la kwanza mpaka la mwisho, halafu unaacha jani moja, wino ukionekana, ili kazi isiishe ndani ya nyumba. Na wakati wa kuliacha unalitaja jina la mtu unayetaka maisha yake yaendelee. Jani hili Hosiyat aliliacha kwa jina la Mavluda, binti yake, aliyekaa miaka kumi na moja kwenye ndoa bila mtoto na sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, amelazwa chali kwa amri ya daktari, haruhusiwi hata kunyanyua birika. Mavluda mwenyewe alishona ua moja katika suzani ile, akiwa amelala, kitambaa kimeegemezwa kwenye magoti. Siku walipoikunja kwa safari, mama alimwonyesha lile jani, akamwambia, hili ni lako, litakaa wazi. Mavluda akaligusa kwa kidole, akatabasamu.

Je, Hosiyat aliamini mambo hayo? Ungemuuliza siku nyingine angekujibu kwamba hajui. Lakini kuna vitu mtu haviamini na bado hataki kuvijaribu, hasa kwa mtoto wa mtoto wake.

Mirvali alikuwa amesimama karibu na meza ya chai, anaongea na simu. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana yao, kijana wa miaka arobaini, suti ya bluu, viatu vilivyochongoka mbele kama mdomo wa ndege. Wanawake kumi na wanne walishona chini yake. Yeye hakujua kutunga uzi kwenye tundu la sindano, ila kusema alijua. Hosiyat alimngoja amalize simu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akamuuliza nani amegusa kazi yake.

Mirvali alicheka, akamwita opa, yaani dada mkubwa, kwa sauti ile ya asali anayoitumia mbele ya wageni. Alisema mteja amepatikana, mama mmoja tajiri kutoka Astana, anataka kuitundika suzani nyumbani kwake, ila hataki kitu chenye pengo. Kwa hiyo jana jioni, ukumbi ulipofungwa, aliipeleka kwa mwanamke mmoja huko juu ya soko, anatengeneza makoti, akaimalizia. Gari la mteja lingefika saa tisa alasiri. Alimalizia kwa kusema kwamba amemwokoa na aibu.

"Hukumwambia kwa nini liko wazi?" Hosiyat aliuliza.

"Opa, siku hizi nani ana muda wa hadithi za bibi?"

"Wewe unajua liliachwa kwa nani. Ulikuwepo. Ulikula pilau nyumbani kwangu siku hiyo."

Mirvali aliangalia saa yake. Akasema jani ni jani, mtoto atazaliwa, inshallah, na opa akae kwenye kiti chake ashone, watu wanaanza kuingia.

Hosiyat alitaka kuishusha suzani palepale aifumue, lakini akili yake ya kazi ilimzuia. Mshono wa kulabu una siri moja. Ukiijua ncha ya mwisho imefichwa wapi, unaivuta na mnyororo wote unaachia, mara moja, kama mtu anayevuta kamba ya suruali. Usipoijua, ukakata ovyo, uzi unakwama katikati na unang'oa na nyuzi za jirani. Na jirani wa jani hili lilikuwa ua la Mavluda. Kijani juu ya kijani, bitana imeshonwa nyuma, ncha iko wapi? Aliyeificha ndiye ajuaye.

Akachukua koti lake. Mirvali akamuuliza anakwenda wapi, haujui mji, pasipoti zote ziko mfukoni kwake, polisi wakimsimamisha atasema nini.

"Nitawaambia pasipoti yangu imevaa suti ya bluu," alisema Hosiyat, akatoka.

Nje, Almaty, mji wa Wakazaki, ilikuwa na baridi ya mwezi wa nne na wingu zito. Hosiyat alikuwa amefika mjini humo juzi usiku, kwa basi na treni, siku mbili njiani, na mji aliokuwa ameuona mpaka sasa ni dirisha la hosteli na ukuta wa ukumbi. Alimsimamisha msichana mmoja akamuuliza soko. Msichana akamwita apa, yaani mama kwa Kikazaki, akasema ni rahisi, shuka chini barabara tatu kisha pinda. Mzee aliyekuwa akipita akaingilia, akasema siyo chini, kwa kutokea hapa ni chini halafu juu kidogo. Wakaanza kubishana wao kwa wao jina la barabara, maana mzee alikuwa na jina la zamani na msichana alikuwa na jipya, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye mgeni.

Chini ni wapi? Hosiyat aliangalia. Barabara zote zilikuwa sawa, zimenyooka kama mistari ya daftari, miti mirefu huku na huku. Watu wa Almaty hawasemi kulia wala kushoto. Milima iko upande mmoja, huko ndiko juu, na kwingine kote ni chini, na mtoto wa miaka mitatu anajua. Lakini milima yenyewe ilikuwa imefunikwa na wingu, haionekani hata ukucha wake. Alitembea barabara mbili, akaona hakuna soko, akauliza tena, akaambiwa amepanda badala ya kushuka. Akarudi. Akapinda. Akajikuta kwenye bustani yenye kanisa la mbao la rangi rangi na njiwa wengi kuliko watu.

Alikaa kwenye benchi, akasonya. Mzee mmoja aliyekuwa akilisha njiwa akamtazama. Hosiyat hakujali. Alimsonya Mirvali, akawasonya walioujenga mji kama ubao wa drafti, akajisonya mwenyewe kwa kumngoja mwanamume amalize simu. Maisha yake yote alikuwa mwanamke wa kungoja mtu amalize. Na jani kule ukutani limezibwa, na saa inakwenda.

Ndipo alipousikia mfereji. Pembeni mwa njia, chini ya miti, maji yalikuwa yakikimbia kwenye mfereji wa saruji, membamba, ya baridi, kama mifereji ya kwao. Hosiyat akasimama. Mtu wa Shahrisabz hahitaji kuambiwa maji yanatoka wapi. Yanatoka mlimani. Yanakotoka ndiko juu, yanakokwenda ndiko chini. Alijiona mjinga, na ujinga nao ukamwongezea hasira. Akayafuata maji. Kila njia panda aliinama akaangalia mfereji, watu wakidhani bibi ameangusha pete, na baada ya robo saa akafika sokoni.

Ndani ya soko kulikuwa na joto la watu. Upande mmoja farasi mzima amegawanywa juu ya meza, mbavu, mafuta, soseji nene kama mkono. Upande mwingine wanawake wa Kikorea na makabichi yao yenye pilipili. Hosiyat alienda kwa wauza maziwa makavu, kwa sababu wauza maziwa wanajua kila mtu. Alimkuta mmoja mnene, kitambaa cheupe kichwani, vidonge vya maziwa ya chumvi vimepangwa mbele yake kama kokoto. Akamwamkia vizuri, kisha akamuuliza kama kuna mwanamke anayetengeneza makoti huko juu na kushona kwa kulabu.

Yule mama alimwangalia juu chini. Aliijua lafudhi. Akasema ninyi Wauzbeki mkija kuuliza njia mna maneno matamu mpaka mtu anasahau anauza nini, onja kwanza. Hosiyat akaonja, akasema chumvi imezidi. Wale wanawake wa meza ya pili wakacheka. Mama akasema amezidisha makusudi, maneno ya Wauzbeki yana sukari ya kutosha. Halafu akamwelekeza: Kulyash, jengo la njano, barabara mbili juu ya soko, mlango wa chini, kuna picha ya mkasi. Akamtia na vidonge vitatu mfukoni kwa nguvu. Akasema ana uso wa mtu anayekwenda kugombana, na kugombana na tumbo tupu hakufai.

Hosiyat aliyafuata maji kinyume, kupanda. Saa tano na nusu.

Mlango wenye mkasi ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kidogo, makoti yamening'inia mpaka darini, cherehani mbili, na katikati mwanamke mrefu wa umri wake, jino la dhahabu, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa akibadilisha zipu. Hosiyat hakuamkia. Hilo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, kuingia kwenye chumba cha mtu bila salamu.

"Wewe ndiye uliyeshona jani jana?"

Kulyash akainua macho. Hakuuliza jani gani. Uso wake ukalainika, akaweka koti chini, akasimama kabisa, mkono kifuani.

"Wewe ni ndugu yake?" akauliza. "Pole sana, dada. Ile ni kazi ya mtu mkubwa. Karibu, kaa. Nilimsomea dua kabla ya kuingiza kulabu, na nikamsomea tena nilipomaliza. Malipo sikuchukua. Kwa marehemu sichukui."

"Marehemu yupi?"

"Fundi. Hosiyat. Yule bwana wa suti aliniambia alifariki majira ya baridi, jani moja likambakia."

Hosiyat hakukaa. Makoti yalikuwa yakimtazama kutoka pande zote. Sasa akakumbuka jana. Jana alikaa siku nzima chini ya suzani yake, akionyesha wageni jinsi ya kushona, na kadi nyeupe ilikuwa imebandikwa juu ya kichwa chake kwa maandishi ya Kizungu asiyoyajua. Na wageni wengine walikuwa wakija, wanasoma kadi, wanamwangalia yeye, wanaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Mama mmoja wa koti la manyoya alimshika mikono miwili, macho yakimlengalenga. Hosiyat alidhani watu wa Almaty wana adabu nyingi. Mirvali alikuwa kando, akiwaambia kwa lugha yao kwamba huyu ni dada yake, yaani dada wa huyo marehemu.

"Mimi ndiye marehemu," alisema.

Kulyash alirudi nyuma hatua moja, akagonga cherehani. Kisha akamwangalia mikono. Vidole vya Hosiyat vilikuwa na sugu palepale ambapo fundi wa sindano hupata sugu, na ncha zilikuwa na kijani kisichotoka.

"Alhamdulillahi," alisema taratibu. "Una afya nzuri kwa marehemu."

Hosiyat hakucheka. Alimweleza amekuja kwa sababu moja: amwonyeshe ncha ya uzi imefichwa wapi, basi, aende zake. Kulyash akatikisa kichwa. Alisema hawezi. Kazi amefunga kwa dua, na kwao kitu kilichofungwa kwa dua hakifumuliwi, ni kumwita balaa kwa jina lake. Yeye ana mume mgonjwa na wana wawili barabarani na malori. Hafumui.

Basi wakagombana. Wanawake wawili wenye mvi, kwa lugha mbili zinazofanana nusu, kila mmoja akimwelewa mwenzake vizuri zaidi pale panapouma. Hosiyat alimwambia ameingiza kulabu kwenye nyumba ya watu. Kulyash akasema aliingia akiwa na udhu, na mnyororo wake umelala vizuri kuliko bapa la Hosiyat, macho yakiwa mazima yataona. Hosiyat akasema mnyororo ni kazi ya matandiko ya farasi. Kulyash akasema farasi wa kwao wamevaa vizuri kuliko maharusi wa Shahrisabz. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alisimama mlangoni, akasikiliza, akaona arudi kesho.

Kisha Hosiyat akaishiwa maneno makali, akabaki na moja la kweli.

"Lile jani ni la binti yangu. Ana mimba ya miezi minane. Ya kwanza, baada ya miaka kumi na moja. Nililiacha wazi kwa jina lake, wewe ukalifunga kwa jina la maiti."

Kulyash alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Nje basi la umeme lilipita, madirisha yakatetemeka. Akauliza mtoto anacheza tumboni? Anacheza, alisema Hosiyat, hasa alfajiri. Akauliza miguu ya mama inavimba? Kidogo, jioni. Kulyash akamimina chai, chai yao ya maziwa, akampa bakuli nusu kama anavyopewa mgeni wa heshima. Hosiyat, ambaye maisha yake yote alisema chai ya maziwa ni ya wagonjwa, akainywa.

"Dua niliisoma kwa mwanamke aliyekufa," Kulyash alisema mwisho, polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Na mwanamke huyo amekaa hapa anakunywa chai yangu na kunitukania kulabu. Kwa hiyo ile dua haijafika popote. Haina mwenyewe. Aliyeiomba kwa uongo ndiye ajibu." Alisimama, akatia kulabu na mkasi mdogo mfukoni. "Nami amenifanya nimwombee mtu mzima aliye hai mapumziko ya kaburi. Kwenye nyumba yangu. Twende."

Walipanda basi la umeme, kwenda juu. Njia nzima Kulyash alitoa pumzi puani kama ng'ombe aliyefungwa. Hosiyat alikuwa na hasira yake peke yake tangu asubuhi. Kumpata mwingine wa kuibeba hakukuipunguza. Iliongezeka, ikawa na miguu minne.

Kufika ukumbini, ukuta ulikuwa mtupu. Gari la mteja lilikuwa limewahi kwa saa moja. Suzani ilikuwa juu ya meza ndefu, imekunjwa nusu, Mirvali akiitandaza kwenye karatasi laini, na kando yake mama wa koti la manyoya, yule yule wa jana, akiwa na dereva wake. Hosiyat alitembea moja kwa moja mpaka mezani, akaweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa.

Mirvali alitabasamu kwa wote. Akasema kwa Kiuzbeki, meno yakiwa yamefungwa, opa, tusitiane aibu mbele ya watu. Hosiyat hakuondoa mikono. Na Mirvali hakuthubutu kumshika, maana alikuwa mwanamke wa umri wa mama yake, mbele ya watu, na hata shetani wa kwao anajua kwamba hilo halifanyiki. Kwa hiyo walisimama hivyo, yeye anatabasamu, Hosiyat ameegemea kazi yake.

"Mwambie huyu mama mimi ni nani," alisema Hosiyat.

"Opa..."

"Mwambie nilikufa lini. Nilizikwa wapi. Nani alinikafini. Mimi mwenyewe nataka kujua, nina watu nyumbani wa kuwaarifu."

Mirvali alimwambia mteja kwamba opa amechoka, safari ilikuwa ndefu. Basi Kulyash akaingia kati. Alimwambia mteja kwa Kikazaki safi, bila kupandisha sauti, kwamba fundi ni huyu, yuko hai, anakula, anatukana, na jani lile alilishona yeye Kulyash jana jioni kwa kudanganywa, na kama anataka ushahidi, auangalie mshono, kwenye suzani nzima hakuna mnyororo ila hapo tu. Mteja akavaa miwani akaangalia. Akaangalia vidole vya Hosiyat. Akamgeukia Mirvali, na Mirvali akaanza kueleza biashara ya sanaa, na soko la nje, na jinsi wateja wanavyopenda kitu chenye historia.

Hosiyat hakusikiliza. Alikuwa ameigeuza pembe ya suzani, na Kulyash alikuwa ameshakata nyuzi nne za bitana. Akaingiza kulabu, akatafuta chini ya shina la ua la Mavluda, kwenye mshono wa saba, mahali ambapo Hosiyat asingepata hata angetafuta mwezi mzima. Akaitoa ncha. Akampa Hosiyat aishike.

"Vuta wewe," alisema. "Mimi nilifunga. Siwezi kufunga na kufungua."

Hosiyat akavuta. Mnyororo ukaachia, pete baada ya pete, kwa sauti ndogo kama ya panya kwenye nyasi kavu, na kijani chote kikaja mkononi mwake, kimejikunja kunja. Jani likabaki wino. Ila matundu yalionekana, mamia, safu kwa safu, kama ngozi iliyong'atwa na siafu. Hosiyat akakikuna kitambaa kwa ukucha, huku na huku, kama wanavyofanya ili matundu yajizibe. Mengine yalijiziba. Mengi hayakujiziba. Hapo ndipo aliposikia anataka kulia, na kwa kuwa hakutaka Mirvali aone, alikuna kwa nguvu zaidi.

Mteja alisema hakuja kununua shari. Alielezwa kwamba hii ni suzani ya mwisho ya fundi mkubwa aliyekufa, haitapatikana nyingine. Kitu cha maiti kisichomalizika hawezi kukilaza kwenye nyumba yake, ndiyo maana aliomba kimalizwe. Sasa anaambiwa fundi yupo, na anaweza kushona nyingine mwakani.

"Mwakani na mwaka mwingine," alisema Hosiyat. "Nisamehe kwa kutokufa."

Mama wa koti la manyoya alimtazama, na kwa muda kidogo ilionekana kama angesema kitu cha kibinadamu. Badala yake akamwashiria dereva, wakatoka, koti likafagia mlango.

Hapo Mirvali alivua asali yote. Alisema amemharibia miaka mitatu ya kazi kwa jani. Jani la wino. Alisema wakirudi nyumbani hatakuwa na kiti kwenye karakana, atafute pa kushonea. Watu wa meza nyingine, Watajiki na vyungu vyao, Wakirgizi na mazulia yao, waliacha kujifanya hawasikii.

Hosiyat aliikunja suzani, mara moja, mara mbili, jani likiwa ndani. Hakuwa na haraka. Akanyoosha mkono.

"Pasipoti."

Mirvali aliitoa. Aliitupa mezani, na Hosiyat akaiangalia pale ilipoanguka mpaka Mirvali mwenyewe, mbele ya wale Wakirgizi, akaiokota akampa kwa mkono. Hosiyat akaiweka ndani ya gauni, kifuani. Kisha akaibeba suzani kwapani akaelekea mlangoni, Kulyash nyuma yake.

Mirvali akawafuata mpaka kwenye ngazi. Sauti yake ilikuwa imebadilika tena. Alisema sawa, aende, ila suzani ni mali ya karakana, uzi ni wa karakana, kitambaa ni cha karakana, aiache.

Hosiyat aligeuka.

"Uzi niliupika mimi, na sufuria ni yangu. Kitambaa njoo ukichukue," alisema. "Njoo nyumbani kwangu, uketi palepale ulipokula pilau. Nitawaita wanawake wote kumi na wanne. Binti yangu atakuwa amelala kwenye tandiko lake, tutamgeuza uso akuone. Halafu useme mbele yao nilikufa siku gani. Ukimaliza kusema, nitakukabidhi."

Mirvali aliangalia barabarani, akaangalia viatu vyake, akarudi ndani.

Walitembea mpaka kituo cha mabasi ya Tashkent, njia ya kurudi kwa Wauzbeki, bila kuulizana njia, maana Kulyash aliijua. Basi lilikuwa la saa kumi. Hosiyat alikaa dirishani, suzani mapajani. Kulyash alisimama chini, mikono mfukoni, akasema akifika apige simu aseme mtoto amezaliwa lini, na kama ni wa kike asimfundishe bapa. Hosiyat akasema atamfundisha bapa. Kulyash akasonya, akaenda zake bila kuaga.

Basi lilipoondoka, Hosiyat alifungua mkunjo mmoja, akalitafuta jani, na akaanza tena kulikuna kwa ukucha, tundu baada ya tundu, bado ana hasira, njia nzima mpaka mpakani.